MUULIZE SISTA: Mzee yu macho, mbona hamjamuuliza?

*Mwandishi wa ukurasa huu alikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka 34 kabla ya kustaafu. Anaishi Mamboleo, Kisumu. Barua hufupishwa, na majina hatuyachapishi.*

Hujambo Sista. Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto saba, mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Baba yetu ana miaka 81. Miaka minne iliyopita alipatikana na saratani ya tezi dume, na mwaka jana ikaingia kwenye mifupa. Sasa ni wiki ya pili amelazwa kwa nimonia. Jumatatu daktari aliniita kwenye korido, akasema hali ya Mzee si nzuri na wangependa tuelewane kuhusu DNR. Akanipa karatasi. Niliposoma mahali palipoandikwa "asifufuliwe", miguu iliniisha nguvu. Kaka yangu aliyeko Dallas anasema nisithubutu kutia sahihi, eti hospitali inataka kitanda chake. Baba mdogo amesema atakayeweka kalamu kwenye karatasi hiyo ndiye atakayekuwa amemzika Mzee kwa mkono wake. Mchungaji ametuambia tuombe kwanza. Mama amenyamaza tu. Jana Mzee mwenyewe alikataa uji wa hospitali, akataka wa wimbi uliotiwa ndimu, kisha akaniuliza kama mahindi ya Rongai yamepaliliwa. Sista, nikitia sahihi nitakuwa nimemuua baba? Watamnyima chakula na dawa? Sheria ya Kenya inasemaje?
*Kifungua Mimba, Kiamunyi*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, kwenye uji wa wimbi. Nitarudi hapo.

Tuanze na lile neno. Aliyeandika "asifufuliwe" alitafsiri haraka, na alikosea pabaya. Kwetu kufufua ni habari ya Pasaka, ni Lazaro akitoka kaburini na sanda mwilini. Mtu aliyelelewa kanisani, awe Mluhya, Mjaluo au Mkikuyu, ukimwambia daktari ameandika baba yake "asifufuliwe", atadhani kuna uwezo wa kumrudisha Mzee umefungiwa kabatini, na mtu ameficha ufunguo. Kabati hilo halipo. Kinachozungumzwa ni kusukuma kifua. Wodini ndivyo tulivyosema sisi: "tulimsukuma dakika ishirini, hakurudi." Herufi hizo tatu, DNR, ni kifupi cha Kiingereza "do not resuscitate", na maana yake ni kwamba moyo wa Mzee ukisimama, wasimsukume kifua, wasimpige umeme wa kuushtua moyo, wasimtie bomba la pumzi kooni. Zinazungumzia dakika hizo chache tu.

Sijui kama umewahi kuona kusukuma kifua nje ya televisheni. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walikaa wakahesabu matukio hayo katika vipindi vya hospitali vya televisheni ya kwao, wakakuta robo tatu ya wagonjwa wanaamka. Katika hospitali za kweli za hukohuko, zenye kila mashine, kati ya watu watano ambao moyo umesimama wakiwa wamelazwa, anayerudi nyumbani akiwa hai ni mmoja, au zaidi kidogo. Hapo wamehesabiwa vijana na wazee, walioingia kwa ajali na walioingia kwa mshtuko wa moyo. Kwa mzee mwenye saratani iliyosambaa, na nimonia juu yake, nafasi hushuka sana kutoka hapo. Tena hata moyo ukirudi, ubongo uliokaa dakika nne au tano bila hewa huenda usirudi nao.

Kazi yenyewe iko hivi. Mgonjwa analazwa chali, ubao unaingizwa chini ya mgongo. Unapandanisha viganja, unanyoosha viwiko, unabonyeza katikati ya kifua mpaka kizame sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika moja. Wewe ni mwalimu. Chukua rula darasani, weka kidole kwenye 5, kisha itazame kwa upande wa kifua chako. Mbavu za kijana mwenye afya huvunjika kwa kazi hiyo. Za Mzee zimeshaliwa na saratani.

Sisemi kwamba njia hii ni mbaya. Ilitangazwa Baltimore mwaka 1960 na watu watatu, na mmoja wao, William Kouwenhoven, hakuwa daktari bali mhandisi wa umeme. Kilichomwingiza kwenye mambo ya moyo ni mafundi wa nyaya waliokuwa wakipigwa na umeme na kufa juu ya milingoti. Moyo mzima, mwili mzima, umezimika ghafla. Mvuvi wa Dunga akitolewa ziwani sasa hivi hapumui, mpulizie pumzi na umsukume kifua mpaka mikono ife ganzi, wala usingoje ruhusa ya mtu. Lakini moyo wa baba yako hautasimama kwa sababu umepigwa na umeme. Mapafu, mifupa, damu, vyote vitakuwa vimechoka, na moyo ni wa mwisho kufunga duka. Wamarekani wenyewe waliliona hilo mapema. Kufikia 1974 chama chao cha madaktari kilikuwa kinashauri kwamba uamuzi wa kutomsukuma mgonjwa uandikwe wazi kwenye faili ili kila mtu wa zamu auone.

Umeuliza kama watamnyima chakula na dawa. Hapana. Dawa za nimonia zinaendelea, oksijeni inaendelea, dawa za maumivu zinaendelea na ikibidi zinaongezwa. Anageuzwa, anaoshwa, anapewa uji wake. Kama familia na daktari wanataka kuacha jambo jingine, tuseme kumwongeza damu au kumpeleka chumba cha wagonjwa mahututi, hilo huzungumzwa peke yake na kuandikwa peke yake. Ukikuta Mzee hajageuzwa tangu asubuhi, ukauliza, na muuguzi akakujibu "huyu ni DNR", huyo muuguzi amekosa. Mwambie mimi nimesema.

Wala hutakuwa umemuua. Kumdunga mgonjwa sindano ili afe ni jambo jingine kabisa, na Kenya ni kosa la jinai. Katiba ya 2010, Ibara ya 26, inakataza kumnyima mtu uhai kwa makusudi. Hapa anayemwondoa Mzee ni saratani. Karatasi inasema tu kwamba ikishamaliza kazi yake, wasimvunje mbavu juu yake.

Kuhusu sheria, iliyo karibu nawe ni Sheria ya Afya ya 2017. Haitaji DNR kwa jina. Inazungumza juu ya ridhaa, na hapo ndipo penye jibu lako. Kifungu cha 8 kinataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida na madhara yake, na haki yake ya kukataa, tena kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 9 kinaanza na ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Akishindwa kusema, anafuata mtu aliyemteua kwa maandishi. Asipokuwepo wa namna hiyo, ndipo jamaa wa karibu. Hata ruhusa ya kutibu bila kuuliza kwa sababu kuchelewa kunaweza kumuua mgonjwa inatolewa kama mgonjwa hakuwa ameyakataa matibabu hayo.

Sasa turudi kwenye uji.

Mtu anayekataa uji wa hospitali, akakumbuka wimbi, akakumbuka ndimu, kisha akauliza habari za palizi ya Rongai, ana akili zake zote. Umemuuliza kaka wa Dallas. Umemuuliza baba mdogo. Umemuuliza mchungaji, na sasa umeniuliza mimi mtu wa Kisumu ambaye hajapata kumwona. Daktari naye alikuita wewe koridoni. Kutoka koridoni hadi kitanda cha Mzee ni hatua ngapi?

Najua utasema nini. Kwetu humwulizi mzazi habari za kifo chake, ni kama kukiita. Lakini wazee wenyewe hawakiogopi tunavyodhani. Wangapi unaowajua ambao wameshaonyesha kwa fimbo mahali watakapozikwa, kando ya mti gani, kichwa kielekee wapi? Sisi watoto ndio tunaokimbia. Mimi nilimkimbia baba yangu miezi mingi, muuguzi mzima mwenye diploma ukutani. Siku moja kwetu Vihiga tulikuwa tumekaa tunamenya njugu, nikaona nikisubiri zaidi nitachelewa. Nikamwambia, "Baba, hali ikizidi, ungetaka tufanye nini?" Alimenya tatu, nne, hakujibu. Nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Ukiona nimeanza kupumua kama samaki, usinipakie kwenye gari. Nataka kuwasikia kuku." Akaomba nimsogezee ungo. Alikufa miezi minane baadaye, nyumbani. Kuku mmoja alikuwa ameingia chini ya kitanda, tukamwacha.

Kwa hiyo usimwendee na karatasi mkononi. Mpelekee uji wake, kaa chini, muulize, "Baba, madaktari wamekuambia nini kuhusu ugonjwa huu?" Kisha nyamaza. Walimu kunyamaza ni kazi, najua, lakini jaribu. Akisema hataki kulijua jambo hilo, akakutaja wewe au mama yenu mwamue, basi mpate neno hilo kwa maandishi na mbele ya shahidi. Akisema anataka kupigana mpaka mwisho, asukumwe, aende hata kwenye mashine, hilo nalo ni jibu, na mlipeleke kwa daktari vilevile. Na mama yako usimwache kwenye kimya chake. Miaka hamsini ya ndoa huenda anajua jibu kuliko ninyi wote.

Halafu mrudie daktari, ila si koridoni. Omba chumba chenye viti. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema hospitali ilikosea kuweka agizo la namna hii kwenye faili bila kuzungumza na mgonjwa aliyekuwa na uwezo wa kuzungumza. Mahakama ya huko haitubani sisi, lakini daktari yeyote aliyesoma anaielewa hoja hiyo. Muulize: nimonia hii mnaitarajia ipone? Mkimsukuma na moyo ukarudi, atarudi kwenye hali gani? Ni nini mtaendelea kumfanyia? Na muulize sahihi yako ni ya nini hasa, ni ya kukiri kwamba umeelezwa, au ni ya kuidhinisha? Maana kama daktari ameona kusukuma hakutamfaa Mzee, huo ni uamuzi wa kitabibu na aubebe yeye kwa jina lake. Si haki kuutwika mgongo wa mtoto wake. Tena agizo hilo halifungwi kwa misumari. Mzee akipata nafuu, au akibadili nia, linafutwa siku hiyohiyo. Mkimhamishia hospitali nyingine, msidhani karatasi imekwenda naye. Semeni upya mkifika.

Kaka yako simlaumu. Madaktari wa Marekani wana jina la utani la ndugu wa mbali anayeshuka na ndege na kupindua kila kilichokubaliwa. Humwita "binti kutoka California". Wetu ni kijana wa Dallas. Umbali unauma, na uchungu wake hutoka kama ukali. Mpigie kwa video, simu umshikishe Mzee, wewe utoke nje. Halafu siku nyingine mkumbushe kwamba tangu 1990 huko aliko kuna sheria ya taifa inayozitaka hospitali zimweleze kila anayelazwa haki yake ya kukataa matibabu na ya kuacha maagizo kwa maandishi. Akilazwa yeye leo, ataulizwa, na hatamwita aliyemuuliza mwuaji.

Kuhusu baba mdogo, mpe kazi. Mahindi ya Rongai yanahitaji mtu.

Sista, mke wangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Hospitali wametuambia hakuna kingine cha kufanya, tumpeleke nyumbani. Si ndiyo wametutupa? Na usiku analia kwa maumivu, majirani wanasikia.
*Mume, Njoro*

Kaka, pole sana. "Hakuna kingine" ni neno ninalolichukia kuliko yote yanayosemwa wodini. Kuponya kumekwisha, ndiyo, lakini maumivu yana dawa, na mgonjwa anayelia usiku kucha hajafika mwisho wa tiba, amenyimwa tiba.

Nakuru mna hospisi, yaani huduma ya kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona na kuwatuliza maumivu, kama ilivyo Kisumu na Eldoret. Usisubiri barua ya mtu. Chukua faili lake na uende wiki hii hata kama yeye hawezi kutoka kitandani. Uliza habari za morfini ya kunywa, dawa ya maumivu makali. Ni ya maji, iko kwenye chupa, na hupewa kila baada ya saa nne, usiku pia, bila kungoja alie. Mkingoja alie ndipo mumpe, mtakuwa mnakimbizana na maumivu daima. Watu watakutisha kwamba morfini ni dawa ya kumuua au ya kumfanya mraibu. Akipimiwa vizuri na kuongezewa polepole haimuui, na kwa mtu mwenye maumivu ya saratani suala la uraibu lisikunyime usingizi. Itakayomsumbua kweli ni kufunga choo, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo siku ileile mnayoanza. Wengi husahau, kisha mgonjwa anaikataa morfini kwa sababu ya tumbo. Majirani zetu wa ng'ambo ya Busia wametutangulia katika hili. Hospice Africa ilianza Uganda mwaka 1993 chini ya Daktari Anne Merriman, na wauguzi wa huko waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika morfini wenyewe.

Siku za mwisho zikifika, pumzi itakuwa inakuja na kupotea, miguu itapoa, kifua kitakoroma. Usimlazimishe maji, atapaliwa. Mlowanishe midomo kwa pamba. Usimpakie kwenye bodaboda saa nane usiku kwa sababu jirani amesema "mnamwacha afe". Amueni ninyi wawili sasa, yeye akisikia, wapi anataka kuwa. Na naibu wa chifu umdokezee mapema kwamba una mgonjwa wa muda mrefu nyumbani, ili kibali cha mazishi kisije kikawa safari juu ya msiba.

Sista, asalaam aleikum. Nimesoma kwenye toleo lililopita ukisema si lazima kila mgonjwa aingizwe kwenye mashine. Sisi Waislamu tunajua uhai ni wa Mwenyezi Mungu. Hujavuka mpaka?
*Mzee wa Mumias*

Waaleikum salaam, mzee wangu. Mimi ni Mkristo na fatwa si kazi yangu, kwa hiyo nitakuambia tu lililoandikwa na wenye kazi hiyo. Kamati ya kudumu ya fatwa ya Saudi Arabia ilijibu swali hili mwaka 1409 Hijria. Walisema madaktari watatu waaminifu wakiafikiana kwamba kumhuisha mgonjwa hakutamfaa, inaruhusiwa kutofanya hivyo. Ipelekee imamu wako akufafanulie kuliko niwezavyo mimi. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Pius XII aliulizwa na madaktari mwaka 1957, akajibu kwamba mtu hafungwi kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha uhai. Kwa hiyo viongozi wa dini wamekuwa na lugha ya jambo hili kwa miaka mingi. Sisi wa wodini ndio tuliochelewa kuwauliza.

Habari Sista. Ni mwaka wangu wa pili kazini kama muuguzi, nje kidogo ya Bungoma. Kuna wagonjwa ambao kila mtu wodini anajua wanaondoka, lakini faili halina neno. Moyo ukisimama tunaambiwa "sukuma kidogo familia ione". Tunasukuma polepole, dakika tano, tunatoka na kusema tumejaribu. Nahisi vibaya. Wakubwa wangu wanasema ndivyo mambo yalivyo.
*Binti wa Zamu ya Usiku*

Mwanangu, umenishika pabaya, kwa sababu nami nimefanya.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa kinyume chake. Ulikuwa mwaka wangu wa kumi na moja kazini, na hospitali siitaji. Tulikuwa na bibi mwenye saratani ya umio, hana hata kilo arobaini, siku tano hajameza hata maji. Raundi tatu zilipita. Kila daktari alitikisa kichwa koridoni na hakuna aliyeandika wala kuzungumza na wenyewe. Saa tisa usiku moyo wake ukasimama. Nikafungua faili, tupu. Nikapanda kwenye kistuli, nikaanza kwa nguvu zote kama nilivyofundishwa. Msukumo wa tatu nikasikia sauti ya bua kavu la mahindi likikanyagwa. Nikaendelea. Mwanafunzi aliyekuwa akibana mfuko wa hewa aliangalia ukutani. Tuliendelea dakika 25 mpaka daktari wa zamu akafika na kusema basi.

Pazia la kitanda kile lilikuwa fupi. Chini yake, muda wote ule, niliona miguu ya binti yake. Alikuwa pekupeku, na kila nilipobonyeza, kidole gumba chake cha mguu kilikwangua sakafu. Tulipofungua pazia aliingia, akaokota kitambaa cha mama yake kilichokuwa kimeanguka, akamfunga tena kichwani, akakaza fundo vizuri. Kisha akanigeukia akasema, "Asante kwa kujaribu, Sista."

Asante hiyo sikuistahili na nimekaa nayo mpaka leo. Sikumwambia nilichosikia chini ya viganja vyangu.

Kwa hiyo najua kusukuma kwa maonyesho kunatoka wapi. Kunatoka kwa watu wanaojua jibu na wasiotaka kulisema mchana. Lakini usikubali. Kama unasukuma, sukuma. Kama haifai, iandikwe haifai, na aiandike daktari mwenye dhamana, baada ya kuzungumza na mgonjwa au wenyewe, kukiwa na tarehe na jina. Mnong'ono wa "huyu tusimsukume" si agizo, na siku familia ikienda mahakamani, aliyenong'ona hatakuwepo. Utakuwepo wewe na kalamu yako. Mimi nilikuja kujifunza hila moja. Kwenye raundi ya asubuhi, kabla daktari hajaondoka kwenye kitanda cha mgonjwa wa namna hiyo, nilishika faili mbele yake nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Daktari, huyu akisimama moyo usiku wa leo, mimi nifanye nini?" Kisha nikabaki nimeshika faili limefunguliwa. Wengine walikasirika. Mmoja aliniambia nina mdomo. Lakini waliandika, au walirudi saa nane wakakaa na familia.

Anza na mgonjwa mmoja. Wakubwa wako waache waseme.

Sista, wewe unawashauri wengine. Yako umeiandika?
*Msomaji, Kondele*

Nimeiandika. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na hakuna neno kufufua ndani yake. Iko kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya shamba. Nimemtaja kitinda mimba wangu awe msemaji wangu, kwa sababu ndiye anayeweza kunisikiliza bila kulia. Nilipompa kifungua mimba asome, alifika mstari wa pili, akairudisha koponi, akasema anakwenda kumkatia ng'ombe nyasi. Ng'ombe tulimuuza Agosti.